Kabla ya Kuchora Ukuta, Hesabu Umeme

Katika vyuo vyetu vya uhandisi, usanifu majengo na ukadiriaji majenzi, mwaka wa mwisho una kigingi chake: mradi. Mwanafunzi huchagua jambo halisi, hulichambua kwa miezi kadhaa, huandika ripoti, kisha husimama mbele ya jopo kuitetea. Kwa muda mrefu mada zimekuwa zilezile: hosteli ya ghorofa nne, daraja, soko la kisasa, mtandao wa maji wa kata. Sasa imeingia mada nyingine, ujenzi wa kituo cha data, na kwa maoni yangu hakuna inayomfaa zaidi mwanafunzi wa Afrika Mashariki kwa wakati huu. Hakuna pia iliyo rahisi kuikosea kama hiyo. Ukikitazama kutoka barabarani, kituo cha data ni jengo butu lenye madirisha machache, uzio mrefu na mlinzi getini. Mwanafunzi akilidhania ghala atalichambua kama ghala: msingi, nguzo, paa, makadirio ya saruji na nondo. Ripoti itakuwa nadhifu, na swali lenyewe litakuwa halijaguswa.

Kinachojengwa pale ni mtambo wa kupokea umeme, kuulinda usikatike hata kwa sekunde, kuufikisha kwenye seva, kisha kuliondoa joto, maana karibu umeme wote unaoingia kwenye seva hutoka ukiwa joto. Ukuta na paa vipo ili kuukinga mtambo huo. Kwa hiyo uchambuzi unaostahili jina hilo huanzia kwenye umeme, ukaja kwenye ubaridi, ukapita kwenye fedha na ratiba, ukafika kwa watu. Jengo linafuata nyuma.

Tuchukue mfano uliovuma. Tarehe 22 Mei 2024, Rais William Ruto akiwa ziarani Marekani, Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 kwa Kenya. Kiini chake kilikuwa kituo cha data huko Olkaria, karibu na Naivasha, kitakachotumia umeme wa jotoardhi na kuanzia megawati 100. Habari nyingi ziliishia kwenye dola. Mwanafunzi makini angeanza kwa kulisoma tangazo neno kwa neno. Angeona kwamba bilioni hiyo haikuwa ya kituo peke yake: ndani yake mlikuwa na utafiti wa modeli za lugha za Kiswahili na Kiingereza, maabara ya ubunifu, mafunzo ya ujuzi wa kidijitali na uboreshaji wa mawasiliano ya intaneti. Angeona pia kwamba miezi 24 iliyotajwa ilihesabiwa tangu kusainiwa kwa mikataba ya mwisho, wala si tangu siku ya tangazo. Anayegawanya dola bilioni 1 kwa megawati 100 na kuandika kwamba Olkaria inagharimu dola milioni 10 kwa megawati amekosea tangu ukurasa wa kwanza, hata kama tarakimu hiyo inakaribiana na makadirio ya jumla yanayotumika duniani.

Kisha zije hesabu za gridi. Mwanzoni mwa 2025 mahitaji ya juu kabisa ya umeme nchini Kenya yalivuka megawati 2,300. Megawati 100 ni zaidi ya asilimia 4 ya hayo, kwa mteja mmoja, mahali pamoja. Miezi miwili kabla ya tangazo la Microsoft, G42 na kampuni ya EcoCloud walikuwa wamekwisha kuzungumzia gigawati moja, yaani megawati 1,000, wakati uwezo wote wa jotoardhi uliokuwa umefungwa nchini Kenya ulikuwa haujafika kiwango hicho. Hapo ndipo swali linaponoga. Kituo cha data hakina usiku wala Jumapili. Mahitaji yake hayapandi na kushuka sana, na mvuke wa ardhini nao hutoka saa zote, kwa hiyo viwili hivi vinafaana. Usiku wa manane, Wakenya wakiwa wamelala, KenGen, kampuni ya Kenya ya kuzalisha umeme, imekuwa ikilazimika kuachia mvuke upotee hewani kwa kukosa wa kuununua umeme wake. Mteja wa saa 24 angeuokoa. Lakini mteja huyo huyo yupo pia saa 1 hadi saa 4 usiku, pale ambapo kila nyumba imewasha taa na televisheni na gridi inaelemewa. Je, ziada ya usiku wa manane inalipia shida ya jioni? Kwa mradi wa mwaka wa mwisho hilo ni swali zuri ajabu, kwa sababu linaweza kujibiwa kwa karatasi, kwa kuchora mahitaji ya gridi saa kwa saa na kuyalaza juu yake mahitaji ya kituo.

Mtu asidhani kwamba hofu hiyo ni ya nchi zenye umeme mdogo tu. Nchini Ireland, takwimu rasmi zinaonyesha kwamba vituo vya data vilitumia asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa kwa mita mwaka 2023, na maombi mapya ya kuunganishwa na gridi katika eneo la Dublin yakawekewa breki. Kwa dunia nzima, Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria matumizi ya terawati-saa 415 kwa mwaka 2024, kama asilimia 1.5 ya umeme wote, na linatarajia yazidi maradufu ifikapo 2030. Akili unde ndiyo inayosukuma kasi hiyo.

Baada ya wingi wa umeme, uje uhakika wake. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 Kenya karibu nzima iliingia gizani. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta ya akiba ya jengo mojawapo la abiria haikuwaka, na Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akalazimika kuomba radhi. Tukio hilo lina somo ambalo halimo katika michoro: jenereta ilikuwepo. Ilinunuliwa, ikafungwa, ikahesabika katika orodha ya mali. Uhakika wa umeme hautokani na kuwa na kifaa bali na mnyororo mzima, kuanzia betri zinazobeba kituo kwa dakika za mwanzo, swichi inayohamisha njia, jenereta inayowaka yenyewe, mafuta yaliyo safi, hadi fundi aliyefanya zoezi hilo mwezi uliopita. Kiungo kimoja kikilegea, vingine vyote ni mapambo.

Hapa ripoti nyingi za wanafunzi hukimbilia viwango vya Uptime Institute, taasisi ya Marekani inayopanga vituo katika madaraja manne. Huandikwa kwamba daraja la 3 ni asilimia 99.982 ya upatikanaji, sawa na takriban saa 1 na dakika 35 za kukatika kwa mwaka, na daraja la 4 ni asilimia 99.995, sawa na dakika 26. Hesabu ni sahihi, ila taasisi yenyewe ilikwisha kuziondoa asilimia hizo katika viwango vyake. Maana halisi ya daraja la 3 ni kwamba kila kifaa na kila njia ya umeme au ubaridi inaweza kuzimwa ili ifanyiwe matengenezo bila seva kuzimika. La 4 linaongeza kwamba hitilafu ya ghafla, popote itokeapo, haiangushi huduma. Tena hati hutolewa kwa hatua: kuna ya michoro na kuna ya jengo lililokamilika na kupimwa. Kituo kinachojivunia hati ya michoro peke yake kimethibitishiwa karatasi. Mwanafunzi anayeijua tofauti hiyo anaweza kusoma tangazo lolote la biashara ya vituo vya data, kuanzia Kampala hadi Dar es Salaam, na kuuliza swali moja litakalomtoa jasho msemaji.

Uhakika una bei yake, na bei hiyo hukokotoleka. Tuseme seva zinahitaji megawati 1. Ukiongeza ubaridi, taa na upotevu wa umeme katika transfoma na betri, kituo kizima kinaweza kuvuta megawati 1.5. Uwiano huo wa umeme wote kwa umeme wa seva huitwa PUE. Wastani wa dunia umekwama karibu na 1.5 na kitu kwa miaka mingi. Jenereta za kubeba mzigo huo zitakunywa kama lita 400 za dizeli kwa saa, kwa hiyo akiba ya saa 48 ni karibu lita 20,000. Lita hizo zinahitaji matangi, kuta za kuzuia mvujo, njia ya lori, kibali cha mazingira na mkataba na msambazaji atakayeleta mafuta hata siku ambayo vituo vya mafuta vya mjini vina foleni. Sasa punguza PUE kutoka 1.5 hadi 1.3. Kwa mwaka wenye saa 8,760 unaokoa uniti 1,752,000. Hata ukiipa kila uniti bei ya kukadiria ya shilingi 20 za Kenya, ni zaidi ya shilingi milioni 35 kila mwaka kwa megawati moja tu. Mhandisi anayeweza kuonyesha namna ya kuipata hiyo 0.2 amejilipia mshahara.

Inapatikana wapi? Sehemu kubwa, katika hali ya hewa. Seva za sasa hazihitaji baridi ya jokofu. Mwongozo wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa mifumo ya hewa, unapendekeza hewa inayoziingia iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Nairobi, mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, ina saa nyingi mno za mwaka ambazo hewa ya nje iko ndani ya mipaka hiyo au chini yake, na Olkaria iko juu zaidi. Kituo kilichosanifiwa vizuri huko kinaweza kuzima mashine zake za kupozea kwa muda mrefu na kuitumia hewa ya mlimani. Mombasa na Dar es Salaam hazina bahati hiyo: joto na unyevu havipoi hata usiku, na chumvi ya bahari hula vyuma vya mitambo iliyowekwa nje. Lakini pwani ndiko mikongo ya baharini inakotua. SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na nyingine zimeongezeka. Kuwa karibu na kituo cha kutua mkongo hupunguza muda wa safari ya data na gharama ya kuisafirisha, na ndiyo sababu Mombasa ina vituo vya data licha ya jua lake. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja kusini mwa bahari yetu, Watanzania walionja jinsi intaneti inavyokuwa pale njia zinapobaki chache.

Nyanda za juu nazo zina kodi yao. Kwa joto lile lile, hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 20, kwa hiyo feni zinapaswa kusukuma ujazo mkubwa zaidi ili kuondoa joto lile lile, na injini za jenereta huweza kupoteza sehemu ya nguvu zilizoandikwa kwenye kibati cha kiwandani. Mwanafunzi anayenakili takwimu za kituo cha Ulaya bila kufanya marekebisho hayo atasanifu kituo kitakachoshindwa siku ya kwanza gridi itakapozimika. Kwa maoni yangu kulinganisha miji hii miwili kungetosha kuwa mradi mzima: kituo kile kile, seva zile zile, kimoja Mombasa na kingine Nairobi, gharama ya miaka 15.

Maji nayo yasisahaulike, maana njia nafuu ya kupoza ni kuyaacha yafuke. Wastani unaotajwa mara nyingi ni lita 1.8 kwa kila kilowati-saa ya seva. Kwa megawati moja ni kama lita 43,000 kwa siku. Karibu na Ziwa Naivasha, ambako mashamba ya maua, wavuvi na wakazi wanagawana maji yale yale, huwezi kuiandika tarakimu hiyo kwenye kiambatisho ukaendelea na safari. Nchini Chile, mahakama ya mazingira mwaka 2024 ilibatilisha kwa sehemu uidhinishaji wa kituo cha Google cha Cerrillos, jijini Santiago, kwa hoja za maji na mabadiliko ya tabianchi, na kampuni ikasema itaanza upya kwa ubunifu wa kupoza kwa hewa.

Kuhusu jengo lenyewe nitasema machache. Sakafu ya ofisi husanifiwa kubeba kilonewtoni 2.5 hadi 4 kwa mita ya mraba. Ukumbi wa seva huhitaji 10 hadi 15. Makabati mapya ya akili unde yanaweza kuvuka kilo 1,300 kila moja na kuvuta zaidi ya kilowati 100, joto ambalo hewa haiwezi tena kulibeba, ndiyo maana maji au kimiminika kingine hupelekwa hadi kwenye chipu. Katika nyanda za Athi, udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi hudai msingi wa gharama. Vyumba vya betri vitenganishwe kwa kuta za kuzuia moto. Septemba 2025, moto ulioanzia kwenye betri za lithiamu katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini jijini Daejeon ulizima mamia ya mifumo ya umma na kuteketeza terabaiti 858 za mafaili ya watumishi yaliyokuwa hayana nakala kwingine. Nchi iliyoendelea kiasi kile kiteknolojia, na nakala haikuwepo.

Mkadiriaji majenzi naye ana kazi isiyofanana na ya hosteli. Katika hosteli, zege na kuta hula fedha nyingi; hapa mifumo ya umeme pekee mara nyingi hukaribia nusu ya gharama ya ujenzi, ikifuatwa na ya kupoza. Karibu yote inaagizwa nje, inalipwa kwa dola, inapita bandarini. Ndiyo maana ratiba ya kituo cha data haiongozwi na mwashi. Transfoma kubwa na jenereta zimekuwa zikisubiriwa kwa mwaka na zaidi tangu kuagizwa, na kuunganishwa na njia ya umeme ya msongo mkubwa kuna foleni yake. Mkandarasi anaweza kumaliza kuezeka kwa wakati na bado kituo kikakaa mwaka mzima bila kazi. Katika ripoti, mstari mzito wa ratiba upite kwenye oda, forodha na shirika la umeme; anayeupitisha kwenye jamvi na linta hajakielewa alichokichagua.

Halafu upimaji wa mwisho, sehemu ninayoipenda kuliko zote na ambayo hupewa aya moja. Kabla seva hazijaingia, hupangwa hita kubwa za kuigiza joto lao, kituo kizima kikapewa mzigo kamili, kisha umeme wa gridi ukakatwa makusudi. Betri zishike. Jenereta ziwake. Pampu zirudi kazini kabla joto halijapanda. Halafu jenereta moja izimwe, tuone. Zoezi hilo hurudiwa kwa kila aina ya hitilafu inayofikirika, na kila kosa huandikwa. Hapo ndipo michoro ya msanifu, mahesabu ya mhandisi na kazi ya fundi hukutana kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo uwanja wa ndege wenye jenereta isiyowaka hugundulika kabla abiria hawajafika.

Nimewaweka watu mwishoni kwa sababu ndiko wanakowekwa na ripoti nyingi, na si sawa. Olkaria si uwanja mtupu. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mradi wa Olkaria IV, malalamiko yao yakafika kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia na kwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na upatanishi ukahitajika. Kila megawati inayoongezwa kwa ajili ya seva hutoka kwenye visima vilivyochimbwa katika ardhi ya mtu. Kwa upande wa ajira, ujenzi huhitaji mamia ya vibarua na mafundi, lakini kituo kikishawaka wanaobaki ni wachache. Faida ya nchi ipo kwingine: data kuhifadhiwa nyumbani, chini ya sheria za nyumbani. Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na sheria kama hizo hazina meno pale ambapo kumbukumbu za hospitali na benki zinakaa kwenye seva za bara jingine. Mwanafunzi aweke yote mawili mezani, bila kuficha ajira chache wala kuidharau mamlaka juu ya data.

Ugumu mkubwa wa mradi huu kwa vijana wetu ni mlango uliofungwa. Wenye vituo huficha hata PUE yao kwa hoja ya usalama, na hoja hiyo ina uzito inapohusu kamera na kufuli. Haina uzito inapohusu matumizi ya umeme na maji ya mwaka, au idadi ya mara jenereta ziliposhindwa kuwaka katika majaribio. Tanzania ina kituo cha taifa cha kuhifadhi data Kijitonyama, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa fedha za umma. Kenya ina cha Konza. Hivi ni vituo vya wananchi. Vichapishe takwimu hizo kila mwaka, na siku ya upimaji wa mitambo vikaribishe wanafunzi wachache wa mwaka wa mwisho, wa umeme, mitambo, majengo na ukadiriaji, wakiwa timu moja yenye mradi mmoja. Wizara zinazotoa vibali kwa kampuni binafsi ziweke sharti lile lile. Na vyuo viache kumlazimisha mwanafunzi wa umeme atetee mradi wake peke yake katika idara yake, kwa kuwa hakuna kituo cha data kilichowahi kujengwa na idara moja.

Wewe unayetafuta mada mwaka huu, ichukue hii. Anza na bili ya umeme.